Barua kwa Pacha, kuhusu Mzee wa Kona

Pacha wangu wa mtaa, ata kama si wa tumbo moja,

Habari ya huko Doha na hilo joto lenu. Sisi huku Molo ni baridi tu vile unaijua, leo ukungu umekataa kutoka mpaka saa nne na nimekaa kuandika nikiwa nimejifunga shuka juu ya sweta. Juzi tukiongea ulianza kulia alafu simu ikakatika, nikajaribu tena haikushika. Umeniuliza tulimzika aje Mzee wa Kona na hayo si maneno ya dakika tatu, kwa hivyo wacha nikuandikie yote, ata kama ni ndefu utaisoma siku yako ya kupumzika.

Tulimzika Jumamosi. Watu walijaa mpaka lori za viazi zikakosa pa kupita, na wenye lori wakazima injini wakashuka kusimama na sisi. Lakini kitu ninataka ujue kilitokea Alhamisi kabla ya hapo.

Wewe unajua kila matanga ya mtaa wetu tangu tuzaliwe yalikuwa yanaanzia kwa duka lake. Ile stoo ya mabati nyuma ya duka ndio inakaa tenti mbili, viti, na zile sufuria kubwa za kupikia githeri na chai, zote ziko na namba ya rangi nyekundu aliyoandika yeye mwenyewe. Mtu akifiwa, ata iwe saa nane usiku, anaenda kugonga dirisha la Kona. Mzee anafungua na koti lake juu ya nguo za kulala na anauliza maswali matatu, ni nani, mwili uko wapi, watoto wako na nani saa hii. Hilo la tatu nimelisikia akiuliza mara nyingi sana na kila mara kama jibu ni watoto wako peke yao alikuwa anamtuma Shosho, mke wake, kwanza kabla hajashika daftari. Alafu anatoa daftari, anaandika tarehe, anaanza kupanga, nani atachimba, nani atabeba maji, nani ataenda mochari kuongea mambo ya bili, mchango utaanza na shilingi ngapi. Asubuhi ikifika wenye msiba wanapata mambo yameanza kutembea.

Sasa Alhamisi tumekaa kwa ile benchi nje ya duka, wazee na vijana na kina mama wa kanisa zote, na hakuna mtu anaanza. Tunaangaliana. Kila mtu anangoja Mzee atoke na daftari, na Mzee ndio amelala mochari. Pacha hicho kimya sijawai sikia kingine kama hicho. Mwishowe fundi wa baiskeli, yule wa karibu na posho mill, akasema kwani ufunguo wa stoo uko na nani. Hakuna aliyejua. Shosho akatafuta kwa kaunta, kwa droo ya pesa, chini ya godoro, hakuna. Tukataka kuvunja kufuli, Shosho akakataa, akasema hiyo kufuli alinunua mwenyewe na haitavunjwa siku yake. Tukahangaika mpaka saa tisa ndio mjukuu wake akakumbuka lile koti alivaa wakimpeleka hospitali. Lilikuwa limerudishwa kwa mfuko na bado halijafunguliwa. Ufunguo ulikuwa kwa mfuko wa ndani, umefungwa kwa uzi kwa kifungo.

Nitakuambia ukweli nilimkasirikia. Nilisimama pale na huo ufunguo na nikamkasirikia Mzee, kwa sababu miaka hamsini na kitu amefanya hiyo kazi na hakuwai kumwonyesha mtu mwingine. Vijana walimwomba wamsaidie kuandika akasema mwandiko wao hausomeki. Alikuwa mtu mzuri sana lakini hapo alikosea, na ninamwambia hivyo nikiwa bado ninamlilia.

Kitu kingine kiliniumiza ni ile historia yake iliyosomwa. Ilisomwa vizuri, watoto wake wamesoma, wajukuu ni wangapi, alibatizwa lini, alikuwa mzee wa kanisa. Dakika kumi na tano. Mizani haikutajwa. Sanduku la posta halikutajwa. Ati "alikuwa mfanyabiashara na alipenda jamii", basi, wakaenda kwa mambo ya shada la maua. Nilikuwa nataka kusimama lakini si unajua kwa mazishi huwezi simama tu. Ndio maana nakuandikia wewe, kwa sababu wewe ulikuwa unaona, na mtu mwingine lazima ayabebe hayo mambo na mimi.

Shosho ameniambia vitu sikuwa najua. Mzee aliletwa huku akiwa mdogo, baba yake akiwa kibarua kwa shamba la mzungu upande wa Turi. Shule alisoma miaka minne tu. Akiwa kijana akaandikwa kufagia kwa duka la Mhindi, hapo hapo kwa kona, alafu akapandishwa kupima sukari, alafu kuandika vitabu. Mhindi mwenyewe ndiye alimfundisha hesabu, jioni wakishafunga, kwa taa ya mafuta. Sasa baada ya uhuru ile sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikakuja, wasio raia wakawa hawawezi kupata leseni kirahisi, na Wahindi wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Na huko Uingereza nao wakawa wanataka kufunga mlango, ikafunga kweli Machi 1968, kwa hivyo huyo Mhindi aliondoka haraka haraka mwanzo wa mwaka huo na familia yake. Duka akamwachia Mzee na bidhaa zote kwa rafu. Hakukuwa na wakili, hakukuwa na benki, waliandikiana karatasi moja kwamba atamlipa kidogo kidogo kwa posta. Na alimlipa Pacha! Miaka sita, kila mwisho wa mwezi anaenda posta kutuma. Risiti zote ziko kwa kopo la biskuti, nimezishika kwa mikono yangu, zingine wino umefifia kabisa. Shosho anasema kuna miezi walikunywa chai bila sukari na sukari iko hapo kwa duka lao, kwa sababu hiyo sukari ilikuwa bado si yao.

Nafikiri ndio maana alikuwa vile alikuwa na madeni ya watu. Unakumbuka ile karatasi kwa ukuta, KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, na chini yake watu wanakopa kila siku. Siku hizo wazazi wetu wote walikuwa wa pareto, yale maua ya kutengeneza dawa ya wadudu. Ulikuwa unachuma maua, unaanika, unapeleka, alafu unangoja malipo. Kenya ndio ilikuwa inaongoza dunia kwa pareto na Molo yetu ndio ilikuwa katikati ya hiyo kazi, mji wote ulikuwa unatembea na hiyo pesa. Hapo miaka ya tisini kuisha malipo yakaanza kuchelewa, kwanza miezi, alafu mwaka, kuna watu walikufa wakidai. Na hiyo miezi yote tulikuwa tunakula nini? Tulikuwa tunakula kutoka Kona. Baba yangu alikuwa na ukurasa mzima kwa kitabu cha deni, unga, mafuta ya taa, chumvi, kibiriti, kalamu zangu za shule. Mzee mwenyewe alikuwa anachukua bidhaa kwa deni huko kwa wholesale ya Nakuru, na huko walikuwa wanamsukuma kweli kweli, Shosho anasema 1999 walikaribia kufunga. Lakini alipima watu. Hakukupa deni la sigara wala la soda. Unga ndio. Na ukikuja na watoto na unanuka pombe alikuwa anakufukuza mbele ya kila mtu kwa sauti, na baadaye anamwita mtoto kwa mlango wa nyuma anampa ule unga. Baba yangu alifukuzwa hivyo siku moja. Mimi ndio niliitwa kwa mlango wa nyuma. Hiyo sijawai kukuambia.

Na sanduku la posta. Wewe ukisikia hayo maneno najua unaona ile box ya bati ya majani chai juu ya kaunta. Nusu ya watu wa mtaa hawakuwa na sanduku lao, kwa hivyo barua zote zilikuwa zinakuja kwa mkono wa Mzee wa Kona. Jumanne na Ijumaa anatoka posta na furushi, anapanga. Ya wasiojua kusoma anawasomea ndani ya stoo, mlango umefungwa, na alikuwa anajua siri za mtaa huu wote, nani mwanawe amefungwa Kamiti, nani bwana yake ameoa mwingine Mombasa, na hakuna siku moja maneno yalitoka kwa hilo duka. Niulize mimi nimekaa hiyo kaunta likizo tatu nikimsaidia, sikupata ata nusu ya neno.

Barua yako ya Form 1 unaikumbuka. Ilichelewa kwa posta ikafika Ijumaa jioni na ulikuwa unatakiwa uripoti Jumatatu, na nyinyi mlikuwa mmehamia kule juu Muchorwe na mvua imenyesha mpaka matatu zimekataa kupanda. Alifunga duka saa kumi na moja, kitu hakuwai kufanya, akatembea na gumboot mpaka kwenu. Mama yako aliniambia alifungua mlango akapata Mzee amelowa yote isipokuwa hiyo barua, alikuwa ameifunga kwa karatasi ya nailoni ndani ya kofia. Na Jumamosi asubuhi sanduku la mabati na blanketi na ndoo vikatoka kwa duka, vikaandikwa kwa kitabu. Mliyalipa mkimaliza kuvuna, nimeona ukurasa.

Watu wakang'oa pareto wakapanda viazi. Hapa sasa ndio nataka historia ingesomwa, kwa sababu mzee wa kanisa ni wengi lakini hii mizani ni moja. Wewe unajua lumbesa vile iko. Broka anakuja na magunia yake mwenyewe, anajaza mpaka mdomo, alafu anashonea wavu juu anaongeza kichwa kingine, gunia linasimama kama mtu mnene, kilo 130, 150, na analipa bei ya gunia moja. Mkulima anajua anaibiwa lakini hana namna ya kusema ni kiasi gani kwa sababu hajapima. Mzee alikuwa na ile mizani ya chuma ya kusimama chini, aliyokuwa anapimia mahindi, na kila mwaka alikuwa anaipeleka kwa watu wa vipimo ikaguliwe na ipigwe muhuri, haikosi. Msimu mmoja akaitoa nje, akaiweka kando ya barabara siku ya kupakia, akasema mwenye anataka kupima apime, hakuna kulipa. Anakuandikia kilo kwa kikaratasi na anaweka sahihi. Basi. Hakufanya maandamano, hakuita mkutano.

Siku ya kwanza walipima watu wanne. Wiki ya tatu ilikuwa laini mpaka kwa kinyozi. Mtu anarudi kwa broka na kikaratasi anamwambia hili gunia langu ni kilo 142, nilipe kilo 142. Mabroka wakakasirika, wakasusia upande wetu msimu mzima, wakaenda kununua Elburgon na Mau Narok, na viazi vyetu vikakaa. Vingine viliota vikawa kijani. Watu wakamgeukia Mzee, na nakuambia na aibu baba yangu alikuwa mmoja wao, alisimama mbele ya duka akasema huyu mzee ana mshahara wake wa kaunta hajui njaa ya mkulima. Mzee hakumjibu. Alichukua simu akaanza kupigia watu Nakuru wenye hoteli za chipsi mmoja mmoja, akapata mwenye alikubali kununua kwa kilo, akakodi pikapu na pesa yake, akapeleka za mtu mmoja, za mtu wa pili. Si zote ziliuzwa. Lakini msimu uliofuata mabroka walirudi na wengine wakawa wanapima. 2019 zile kanuni mpya za viazi zilipotoka, kwamba gunia lisizidi kilo 50, alikata gazeti akalibandika kwa ukuta karibu na kalenda. Lumbesa haijaisha, bado wanakuja nazo usiku. Lakini kwa kona yetu mtu bado anaweza kupima, na sasa mizani inabaki na Shosho na sijui nani ataipeleka kupigwa muhuri mwaka huu. Nafikiri nitaipeleka mimi.

Ya 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, sitaandika mengi, wewe ulikuwa hapa. Usiku wa pili duka lilivunjwa wakabeba karibu kila kitu. Asubuhi alichukua zile sufuria zenye walishindwa kubeba, akazipeleka uwanja wa kanisa kwenye watu walikuwa wamekimbilia, akina mama wakapika uji na unga uliomwagika sakafuni wakauchekecha. Alafu akatoa daftari. Alipita kwa kila familia, wa kabila hili na lile, anaandika jina, wametoka wapi, watoto wangapi, nani hawamwoni. Watu wa misaada walipofika walinakili hayo majina, na kuna watu walipata watoto wao kwa hiyo orodha. Nimeisoma wiki hii. Jina la mama yangu liko, na langu, na mbele yake ameandika "mtoto ana homa". Waliovunja duka alikuwa anawajua wawili kwa sura, Shosho ameniambia, na polisi walipouliza akasema kulikuwa na giza. Mimi sikubaliani na hilo mpaka leo. Nafikiri angesema. Shosho anasema kwamba mmoja alikuwa mtoto wa mtu aliyekuwa amelala kwa huo uwanja, na Mzee hakutaka huyo mama afukuzwe.

Na mwaka haukuisha sana, Januari 31 2009, lori la mafuta likaanguka hapa Sachangwan karibu na sisi. Watu wakakimbia kuchota na likalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Alibeba blanketi na shuka zote zilizokuwa kwa rafu, stoki mpya alikuwa amechukua kwa deni, akapeleka hospitali. Kwa daftari hizo wiki ni ukurasa baada ya ukurasa, tenti haikurudi kwa stoo, ilikuwa inatoka boma moja inaenda boma lingine. Mwandiko wake mahali hapo unatetemeka. Wakati wa korona nao kurasa ni fupi, watu 15 tu kwa kaburi, hakuna sufuria, hakuna viti, ameandika tu jina na "tumezika haraka". Hiyo imeniuma kuliko nilivyofikiria.

Basi tulimzika. Tenti zote mbili zilisimama, sufuria zikatoka, githeri ikatosha. Mabroka wawili walikuja na mchango, nikauandika. Ndio, niliandika mimi, kwa sababu Alhamisi hiyo tukifungua stoo nilikuwa nimeshika ufunguo na fundi wa baiskeli akanipa daftari, akasema wewe ulikaa kaunta, andika. Nikaandika tarehe. Alafu nikajipata ninauliza mwili uko wapi, na kila mtu anajua mwili uko wapi, na nikauliza Shosho yuko na nani saa hii. Akina mama wakainuka wakaenda kwake.

Jumapili kamati ilikaa ikasema niendelee nayo. Nimekubali na sharti moja, tuwe watatu, na kila mmoja awe na ufunguo. Tumeshachonga.

Sasa Pacha kuna jambo. Nimepitia vitu vyote nikihesabu, na kwa ukurasa wa matanga ya mama yako Mzee ameandika sufuria namba 7 haijarudi, na kando yake ameandika "wasiulizwe". Hakuwai kuwauliza, najua. Lakini mimi nauliza. Tafadhali mpigie dada yako aangalie kwa jikoni ya nje, ni ile kubwa yenye mkono mmoja umelegea. Akiipata aniambie nitatuma boda aichukue, kwa sababu mzee wa upande wa stesheni ana hali mbaya na wiki hii inaweza kuhitajika.

Kula vizuri huko. Shosho anakusalimia, anasema zile pesa ulituma zilifika.

Ni mimi,
Pacha wako wa Molo